Asilimia 15 au 6.7? Kisa cha VVU Kenya na mlango wa kuingilia kwenye sampuli

Mwishoni mwa mwaka 2001 UNAIDS, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kupambana na UKIMWI, ilikadiria kwamba kati ya kila Wakenya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 15 walikuwa wanaishi na VVU. Ukijumlisha na watoto, ilikuwa kama watu milioni 2.5. Kisha ukaja utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2003, ule unaojulikana kama KDHS, ukapima damu ya watu majumbani na kupata 6.7. Yaani nusu, tena nusu isiyotimia.

Maambukizi ya ugonjwa usiopona hayawezi kushuka hivyo ndani ya miaka miwili. Aliyeambukizwa anabaki kwenye hesabu mpaka afe, kwa hiyo kushuka kwa kasi hiyo kungemaanisha makaburi yamejaa watu zaidi ya milioni moja, na nchi ingejua. Hakuna aliyekosea kuhesabu wala aliyepika takwimu. Hesabu zote mbili zilifanywa kwa uangalifu, ila watu waliohesabiwa hawakuwa wale wale.

Madarasani mfano unaopendwa ni ule wa jarida la Marekani lililotuma kura za maoni kama milioni 10 mwaka 1936, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Rais Roosevelt atashindwa uchaguzi, naye akabeba majimbo 46 kati ya 48. Mfano mzuri, lakini umechakaa, na una kasoro moja: unamwacha mwanafunzi akidhani sampuli mbaya ni makosa ya watu wa zamani wasiojua takwimu. Kwenye kisa cha Kenya wajinga hawapo. Ndiyo maana nakipenda zaidi.

Tuanze na ile 15 ilikotoka. Mama mjamzito anakuja kliniki mhudhurio la kwanza. Anapimwa uzito na presha, anatolewa damu mkononi, damu inatiwa kwenye kichupa ili apimwe kaswende na mengineyo. Vipimo hivyo havimalizi damu yote. Katika kliniki teule chache, ile iliyobaki ndiyo iliyokuwa ikipimwa VVU, baada ya jina kufutwa kabisa na kubakizwa mambo machache kama umri wake. Hakuna aliyeweza kujua damu ni ya nani, na mama mwenyewe hakupewa majibu kutokana na kipimo hicho. Waliendelea kuwachukua kina mama mmoja baada ya mwingine, kadiri walivyofika, mpaka idadi iliyopangwa itimie. Kenya ilianza utaratibu huu mwaka 1990 ikiwa na vituo 13.

Ukiletewa utafiti kama huu uueleze ni wa aina gani, swali la kwanza ni kama mtafiti amewafanyia watu jambo fulani ili aone matokeo, au amewaangalia walivyo. Hapa ameangalia tu, kwa hiyo si jaribio. Swali la pili ni nani aliyeamua nani aingie kwenye sampuli, na hapo jibu lina sehemu mbili. Ndani ya kliniki hakuna aliyechagua: kila mama aliyefika aliingia, na kwa kuwa hakukuwa na kuulizwa ridhaa, hakukuwa na wa kukataa. Hiyo ni nguvu kubwa ambayo wakosoaji wa takwimu hizi huisahau. Lakini kliniki zenyewe zilichaguliwa kwa makusudi. Zilichukuliwa zenye maabara, zenye jokofu, zinazofikika kwa gari na zenye kina mama wa kutosha kufikisha idadi. Usafi wa kazi ndani ya kituo hauwezi kuponya upendeleo uliokwisha kuingia wakati wa kuchagua kituo.

Sasa panda ngazi. Mama huyu anamwakilisha nani? Wajawazito wa kliniki ile, bila shaka. Wajawazito wa Kenya nzima? Hapo watu hukimbilia kusema wengi hawaendi kliniki, lakini KDHS yenyewe ilionyesha kwamba wanawake 88 kati ya 100 waliojifungua katika miaka mitano iliyotangulia walihudumiwa na mtaalamu wa afya wakati wa ujauzito. Wasiohudhuria hawakuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa wanahudhuria wapi. Vituo vingi vilivyoandikwa “vijijini” vilikuwa kwenye senta za biashara, kandokando ya barabara kuu, mahali ambapo malori hulala. Kijiji cha ndani kabisa, cha kwenda kwa miguu saa tatu, hakikuwa na kliniki teule. Na tofauti hiyo ina uzito: utafiti wa 2003 ulikuta maambukizi ya asilimia 10.0 mijini na 5.6 vijijini, katika nchi ambayo watu wake wengi waliishi vijijini.

Ngazi inayofuata ni kutoka kwa wajawazito kwenda kwa wanawake wote, na hapa mambo yanapendeza kwa mtu anayefurahia takwimu. Karibu kila mjamzito ni mtu aliyelala na mwanamume bila kinga. Msichana wa miaka 17 ambaye hajawahi kukutana na mwanamume hutamkuta kwenye benchi la kliniki ya wajawazito, na wasichana wa namna hiyo ni wengi. Kwa umri huo, kwa hiyo, kliniki inakuza kiwango. Ukienda kwa wanawake wa miaka 35 na kuendelea inageuka. VVU hupunguza uwezo wa kushika mimba, hivyo wenye maambukizi huanza kupotea kliniki huku wakiwa hai nyumbani kwao, na kliniki inapunguza kiwango. Sampuli moja ina makosa mawili yanayovutana. Asikudanganye mtu kwamba yanafutana. Huenda yakafutana mwaka huu na yasifutane mwaka kesho, umri wa wazazi ukibadilika.

Ngazi ya mwisho ndiyo iliyovunjika vibaya zaidi. Kutoka kwa wanawake kwenda kwa watu wazima wote unahitaji wanaume, na mwanamume hapewi mimba. Hakukuwa na tone la damu ya mwanamume katika takwimu hizo. Kiwango chao kilikadiriwa kwa kudhani kwamba hakiko mbali sana na cha wanawake. KDHS ilipowapima, wanawake walikuwa 8.7 na wanaume 4.6. Piga wastani wa namba hizo mbili utapata karibu na 6.7.

Basi kliniki zilijibu vizuri swali lao: kati ya kina mama wanaokuja kliniki hizi kwa mara ya kwanza, wangapi wana virusi? Tena, kwa kuwa zilirudiwa mwaka hadi mwaka mahali pale pale kwa njia ile ile, zilikuwa kipimo kizuri cha kujua mkondo unapanda au unashuka. Mizani yenye hitilafu ya kilo mbili bado itakuambia kama umenenepa. Shida ilianza pale jibu la swali dogo lilipovishwa nguo za swali kubwa.

Twende kwenye utafiti wa pili. Huu ulianzia kwenye karatasi, kabla ya mtu yeyote kugonga mlango. Nchi ilikuwa na orodha ya maeneo yaliyotokana na sensa ya 1999, na kutoka humo yakachaguliwa kwa bahati nasibu maeneo 400, yakiwamo 129 ya mjini na 271 ya vijijini. Katika kila eneo kaya ziliorodheshwa, kisha zikachaguliwa kwa utaratibu ambao mdadisi mwenyewe hakuwa na uwezo wa kuubadilisha. Akifika akakuta geti limefungwa, haruhusiwi kuhamia kwa jirani kwa sababu jirani ana ukarimu na chai iko mezani. Anarudi kesho, na keshokutwa. Wanaojua kazi ya ukusanyaji data wanajua kwamba sheria hii ndogo ndiyo inayobeba utafiti mzima, na ndiyo ya kwanza kuvunjwa msimamizi akiwa mbali.

Upimaji wa VVU ulifanyika katika nusu ya kaya hizo. Mtu anaelezwa na kuombwa ridhaa, anachomwa ncha ya kidole, matone ya damu yanadondoshewa kwenye karatasi maalumu, yanaachwa yakauke, karatasi inabandikwa lebo ya namba badala ya jina na kusafirishwa maabara.

Jambo moja kuhusu bahati nasibu hukosewa hata na waliosoma. Haidai kila mtu awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Inadai nafasi yake ijulikane. Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ambao tafiti za KDHS zilizotangulia ziliuruka kabisa, safari hii ulichukuliwa watu wengi kuliko uwiano wake, kwa makusudi, ili upatikane mkusanyiko unaotosha kuzungumzia mkoa wenyewe. Kisha kwenye hesabu ya taifa kila mtu wa huko akapewa uzito mdogo, yaani akahesabiwa kwa kiasi kidogo kuliko wengine ili uwiano urudi. Anayetazama sampuli ghafi atasema imependelea. Akishaona uzito atanyamaza.

Walipimwa watu kama elfu sita. Kwa kanuni ya kawaida ya kosa la sampuli, namba hiyo inakupa mwanya usiofika pointi moja juu au chini ya 6.7, na kwa kuwa watu walichukuliwa kwa makundi ya majirani, mwanya unapanuka kidogo. Hata ukiupanua mara mbili, 15 haionekani hata kwa mbali.

Lakini kuna waliokataa. Wanawake 76 kati ya 100 waliostahili ndio waliopimwa, na wanaume 70. Wengine walikataa, wengine hawakukutwa nyumbani kila mdadisi aliporudi. Hili lilikuwa pingamizi zito la waliotilia shaka matokeo, na ni pingamizi la haki. Anayejijua au kujishuku ana sababu ya kukataa. Dereva wa masafa marefu na mvuvi anayelala ziwani hawakutwi nyumbani, na ndio haswa tunaowawazia. Sampuli iliyochaguliwa kwa bahati nasibu hubaki ya bahati nasibu kwa wale tu waliokubali.

Watu wengi huishia hapo: “sampuli ina upendeleo, tuitupe.” Mimi nasema tupige hesabu kwanza. Chukua kwamba robo na ushee, asilimia 27 kwa jumla, hawakupimwa. Tuseme hao wana maambukizi mara mbili ya waliopimwa, yaani 13.4. Zidisha 0.73 kwa 6.7 upate 4.9, zidisha 0.27 kwa 13.4 upate 3.6. Jumla 8.5. Imepanda, lakini bado iko mbali na 15. Sasa geuza swali: wasiopimwa wangepaswa kuwa na maambukizi kiasi gani ili taifa lifike 15? Toa 4.9 kwenye 15, inabaki 10.1, gawa kwa 0.27. Jibu linakaribia 37. Ingebidi zaidi ya mtu mmoja katika kila watatu waliokosekana awe na virusi, zaidi ya mara tano ya majirani zao waliopimwa. Anayetaka kuamini hivyo aamini, lakini ajue anachoamini. Uchambuzi uliofanywa baadaye katika nchi kadhaa, kwa kutumia yale yanayojulikana kuhusu waliokosekana kama umri, elimu na makazi, ulikuta kwamba marekebisho yanayohitajika ni madogo.

Faida ya utafiti wa pili iko hapo. Si kwamba hauna tundu. Tundu lake linapimika, kwa kuwa unajua uliwaendea wangapi na umewakosa wangapi. Kwenye kliniki teule huwezi kufanya hesabu ile ya 0.27, maana wasioingia hawakuwahi kuwa kwenye orodha yoyote.

Kuna matundu mengine ya utafiti wa kaya ambayo hayamo hata kwenye ile 27: askari walioko kambini, wafungwa, wanafunzi wa bweni, wanaolala mitaani. Hawana “kaya” kwa maana ya orodha. Kwa kiwango cha taifa ni wachache mno kuitikisa 6.7. Kwa mtu anayepanga huduma za magerezani, utafiti huu hauna msaada.

Halafu kuna ile sifuri. Kaskazini Mashariki hakukutwa mwenye virusi hata mmoja, na jedwali likaandika 0. Nimewahi kusikia mtu mwenye shahada yake akiisoma kama “hakuna UKIMWI kule”. Kwenye sampuli, sifuri haina maana hiyo. Ukipima watu 300 usimpate hata mmoja, kanuni ya haraka inasema gawa 3 kwa 300: kiwango cha kweli bado kinaweza kufika asilimia 1. Kwa mkoa mzima asilimia moja ni maelfu ya watu. Kilichothibitishwa ni kwamba maambukizi yalikuwa machache mno kule, ukilinganisha na 15.1 ya Nyanza, mkoa wa kando ya Ziwa Victoria.

Mtu angetegemea kwamba kliniki za wajawazito zingekosea kwa kiasi kile kile kila nchi. Hapana. Zambia ilikadiriwa 21.5, na utafiti wa kaya wa 2001 na 2002 ukapata 15.6. Tanzania ilikadiriwa 7.8 kwa mwaka 2001, na utafiti wa 2003 na 2004 ukapata 7.0, karibu kabisa. Upendeleo hauachi kuitwa upendeleo kwa sababu umeangukia karibu na shabaha. Hutegemea kliniki zimekaa wapi, mji na kijiji vimetofautiana kiasi gani, pengo la wanaume na wanawake likoje. Kwa Tanzania pengo hilo lilikuwa 7.7 kwa wanawake na 6.3 kwa wanaume, dogo kuliko la Kenya, kwa hiyo kuwakadiria wanaume kwa kuwatazama wanawake hakukuleta hasara kubwa. India ndiyo iliyoshangaza dunia: utafiti wa kaya ulisaidia kushusha makadirio kutoka watu milioni 5.7 hadi 2.5, na mwaka 2007 UNAIDS ikashusha hesabu ya dunia nzima kutoka milioni 39.5 hadi 33.2, India ikiwa ndiyo sababu kubwa. Kwa Kenya, milioni 2.5 ikawa kama milioni 1.2. Tangu hapo njia hizi mbili zimeoanishwa: utafiti wa kaya unaweka kiwango, kliniki zinaonyesha mkondo kati ya utafiti mmoja na mwingine.

Sasa kipande cha mwisho, ambacho naona kinafundisha zaidi kuliko ile 15 na 6.7. Ndani ya takwimu za 2003 mlikuwa na jambo lililoruka machoni: kati ya wanaume waliotahiriwa, wenye virusi walikuwa 3 kwa 100, wasiotahiriwa, 13. Sampuli ni ya taifa, imechaguliwa vizuri. Je, tohara inakinga?

Sampuli inayowakilisha taifa haiwezi kujibu hilo. Wengi wa wasiotahiriwa Kenya walikuwa Wajaluo wa Nyanza, ambao kimila walikuwa wakitoa meno ya chini na hawakuwa na jando. Kumfananisha asiyetahiriwa na aliyetahiriwa kwenye takwimu hizi ni, kwa sehemu kubwa, kumfananisha mtu wa kando ya Ziwa Victoria na mtu wa Mombasa au Nyeri au Garissa. Dini, biashara ya samaki, umri wa kuoa, kurithi wajane: yote yanakuja kwenye mfuko mmoja na govi. Ongeza sampuli iwe watu milioni, mfuko utabaki umefungwa vile vile.

Kuufungua kulihitaji jaribio, nalo likafanyika Kisumu. Vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, wasio na virusi, hawajatahiriwa, wako tayari kutahiriwa, wakagawanywa kwa bahati nasibu: 1,391 watahiriwe mara moja, 1,393 wasubiri miaka miwili. Wote walipewa ushauri na kondomu. Walioambukizwa katika kundi la kwanza walikuwa 22, la pili 47. Desemba 2006 jaribio likasimamishwa kabla ya muda, kwa sababu kuendelea kuwasubirisha wengine hakukuwa haki. Jingine la Rakai, Uganda, likasimamishwa wakati huo huo kwa matokeo yanayofanana, na la Orange Farm, Afrika Kusini, lilikuwa limetangulia mwaka 2005.

Vijana wale waliwakilisha wanaume wa Kenya? Hata kidogo. Walijitolea, walikuwa wa mji mmoja na wa rika moja, na walikubali kukatwa. Kama ungetaka kujua asilimia ya Wakenya wenye virusi, ingekuwa sampuli mbovu kupindukia. Lakini bahati nasibu ilitumika kufanya kazi nyingine. Kwenye KDHS ilichagua nani aingie, ili walioingia wafanane na walioachwa nje. Kisumu iliwagawanya waliokwisha kuingia, ili makundi mawili yafanane kwa kila kitu, cha kujulikana na kisichojulikana, isipokuwa kisu. Utafiti wa kwanza unaweza kusema wangapi na kushindwa kusema kwa nini. Wa pili unaweza kusema kwa nini na kushindwa kusema wangapi. Kama kinga ile inafanya kazi kwa mwanamume wa miaka 45 wa Kitui, jaribio la Kisumu peke yake haliwezi kuapa. Kilichotia nguvu ni kwamba sehemu tatu tofauti, huku Rakai ikichukua wanaume hadi miaka 49, zilitoa jibu la karibu sana.

Namba za baada ya hapo zimeendelea kuwachanganya watu, ingawa sasa ni kwa jambo la kitoto. Utafiti wa 2007 ulitoa 7.4 kwa watu wa miaka 15 hadi 49, na magazeti yangeweza kuandika “UKIMWI wapanda” kutoka 6.7, ilhali tofauti hiyo inamezwa na kosa la sampuli. Ule wa 2008 na 2009 ukarudi 6.3. Utafiti huo huo wa 2007 una namba nyingine, 7.1, nayo ni sahihi pia: ni ya miaka 15 hadi 64. Ile 5.6 ya mwaka 2012 na 4.9 ya mwaka 2018 ni za miaka 15 hadi 64 vile vile, kwa hiyo anayetaka kuziweka kwenye mstari mmoja na 6.7 ya 2003 lazima kwanza aingie kwenye jedwali la umri awatoe wote waliovuka 49.